Neno Lililombakiza Mama Beu

Baba alipokufa, baba mdogo, mkulima wa kakao huko Mutwanga, alinipigia simu Butembo ninakouza vitenge. Kwa upole kabisa akaniambia kwamba siku ya kuondoa matanga nije Beni kumchukua mama. Nyumba ya Beu, mtaa wetu pale Beni, ni ya ukoo, alisema, na mjane hurudi kwa watoto wake. Hakuwa na ubaya. Nyanya alifanyiwa hivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza. Lakini mimi nilipandwa na hasira. Mawe na mchanga wa nyumba ile mama alivibeba kichwani, leo aage kama mgeni?

Mwanasheria mmoja mjini alinisikiliza, akasema mama ana "usufruit", kisha akatazama saa yake. Nachukia maneno yanayovaa suti mbele ya watu wanaolia. Nikaenda parokiani kwa padri mzee aliyesoma Kilatini, nikamwomba alivue suti neno lile.

Akacheka. "Ni maneno mbili, mama. Usus, kutumia. Fructus, matunda. Baroma ba zamani nabo balikuwa na bajane. Bwana anakufa, shamba inabakia ya batoto, lakini muke anaikala mule, anakula matunda mupaka siku yake. Hapana anaweza kuuzisha. Na ye, hapana banaweza kumufukuza."

Nilimshukuru, nikapanda gari ya Beni. Safari nzima nilikuwa nikiyapanga maneno hayo kichwani.

Baba wadogo walikuwa wamekaa uani, yule wa Mutwanga katikati. Kwetu mambo ya marehemu huamuliwa kabla chakula hakijapakuliwa, na mabinti hukaa jikoni. Sikukaa jikoni. Nilisimama mbele yao.

"Baba mudogo, nyumba inabakia ya ukoo, ya batoto ya marehemu, naikubali. Lakini mama ataikala mule mupaka Mungu amuite. Sheria inaita vile usufruit."

"Binti yangu, ile ni sheria ya Bazungu," akajibu. "Siye tuko na desturi."

"Na miye njo desturi naongea! Udongo ya kakao yako ni ya nani?"

"Ya chef wa udongo, mwenye inchi yetu."

"Na weye unalima, unavuna, unakula. Kila mwaka unamupelekea mbuzi yake. Kuna siku alikuambia ufunge mizigo?"

Nisingeketi hata kwa kusukumwa.

"Hapana," akasema baba mdogo. "Hawezi. Ingekuwa haya."

"Basi na siye tuogope haya."

Hakuna aliyepinga. Mama alitoka jikoni na sahani ya fufu na mboga ya sombe, macho mekundu, akaiweka mbele ya shemeji yake.

"Mukule, bashemeji," akasema. "Kisha murudiye muzuri. Miye nabakia kwangu."

Tangu utoto wangu hadi siku ile, nyumba ile mama aliiita "kwa baba yenu".