Siku Tuliyompata Babu

Juzi nilimwona mama mmoja akipalilia kaburi nje kidogo ya Singida mjini, nikaikumbuka alasiri ambayo mimi na bibi tulikwenda kumtafuta babu. Mvua zilikuwa nyingi, na majani yalikuwa yamefunika makaburi ya ukoo wetu kule Unyambwa. Watu walimwambia bibi kaburi la mumewe limeshapotea, aache tu.

"Nikiacha, huyu mtoto atajuaje ametoka kwa nani?" alijibu, akabeba jembe, akanishika mkono.

Nilidhani babu mwenyewe ndiye aliyepotea, na kwamba tukimpata tutarudi naye nyumbani. Bibi alilima polepole, harufu ya udongo mbichi ikapanda, mpaka jembe likagonga jiwe jeupe aliloliweka yeye siku ya mazishi. Alilifuta kwa kanga yake, kisha akapiga vigelegele hadi watu wakaacha mashamba wakaja mbio.

"Msalimie babu yako."

"Shikamoo babu." Nikasubiri. "Bibi, mbona haitikii?"

Alicheka huku machozi yakimtoka. "Anaitikia kwa mdomo wangu. Marahaba, mjukuu wangu!"

Leo najua wafu hawarudi nyumbani. Lakini jioni ile tulirudi tukiimba, na kila tuliyekutana naye njiani bibi alimwambia, "Tumempata!"