Msemaji wa Muuza Zipu

Kuna wakati niliishi mjini Guangzhou kwa kusahihisha sentensi za watu waliokwenda baa. Mimi mwenyewe ni Mlutheri wa Singida, pombe naijua kwa harufu tu, na serikali ilinipeleka China kusomea mambo ya maji taka. Lakini posho ya mwanafunzi haifiki mwisho wa mwezi, na kampuni moja ya wilaya ya Tianhe, hapo mjini, iliyokuwa ikifundisha Kiingereza kwa simu ilikuwa inatafuta watu. Walinipima, wakanisifu, wakanipa kazi, kisha mahali pa picha yangu wakaweka kikombe cha kahawa. Nilipouliza kulikoni, wakasema wanafunzi huvutiwa zaidi na kahawa. Nikameza, maana nilikuwa na njaa.

Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kutembelea baa za Kijapani. Tianhe zimejaa. Zina taa nyekundu za karatasi mlangoni na mishikaki ya kuku iliyokatwa vidogovidogo kana kwamba anaonjeshwa mgonjwa, na vijana wa maofisini hupelekwa huko na mabosi wao jioni, watake wasitake. Kampuni iliwaambia waandike sentensi kumi juu ya matembezi hayo, na sisi tuzinyooshe. Nilidhani ni kazi rahisi.

Binti mmoja aliandika hivi: "Bosi alisema mzaha. Nilicheka. Kicheko kile kilikuwa sehemu ya kazi." Niliisoma mara mbili, nikacheka peke yangu maktabani hadi mwenzangu wa meza akanitazama. Nikarekebisha kitenzi kimoja, nikaipitisha. Kesho yake msimamizi akaniita.

Msimamizi alikuwa kijana mtanashati aliyesoma ng'ambo na kurudi na kitu alichokiita benki ya sentensi. Ndani ya benki hiyo kulikuwa na sentensi zilizokwisha kupikwa, za kila tukio, na kazi yetu, akanieleza kwa upole, ilikuwa kuisogeza sentensi ya mteja mpaka ifanane na mojawapo. Ya yule binti alikuwa ameshaisogeza. Sasa ilisomeka: "Tulikuwa na jioni ya kupendeza pamoja na wenzetu."

"Lakini haikuwa ya kupendeza," nikamwambia.

"Mwalimu, mteja hatulipi ili atuambie jioni yake ilikuwaje. Anatulipa ili asikike vizuri."

Nilipandwa na mori. Mimi Kiingereza nimekipata kwa viboko, na najua mtu anavyojisikia akifutiwa maisha yake kwa wino mwekundu. Nikiwa shule ya msingi niliandika kwamba mwalimu mkuu alijikwaa kwenye ngazi nasi sote tukampa pole. Mwalimu wa Kiingereza akaikata kwa mistari miwili: hawasemi hivyo. Nani hawasemi? Sisi tulikuwa tumesema, tena kwa sauti, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ameitikia! Sasa nimevuka bahari na milima, nimefika kwa watu ambao nao Kiingereza si cha mama yao, nakuta kalamu ileile, tena safari hii nimeshikishwa mimi.

Ndipo akaja muuza zipu.

Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Ninauza zipu soko la Shahe, ghorofa ya chini, karibu na choo." Ya pili, ya tatu na zilizofuata zilieleza shida yake. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa na Mjapani. Wazazi wa kijana walikuwa wanakuja, na familia mbili zingekutana kwa chakula katika baa ya Kijapani hapo Tianhe. Wao hawajui Kichina, yeye hajui Kijapani, kwa hiyo wangesalimiana kwa Kiingereza. Mkewe alifariki binti akiwa mdogo, na yeye ndiye aliyemlea, nyuma ya kibanda, katikati ya magunia ya zipu. Alitaka siku hiyo asimame aseme neno. "Nisaidie nisimwaibishe," aliandika.

Kila wiki alinitumia sentensi, na zote zilikuwa za baa, maana alikuwa anakwenda kufanya mazoezi. "Leo nilikwenda baa ya Kijapani peke yangu. Waliniletea kisahani ambacho sikuagiza. Nilikula kwa adabu. Kisha nilikilipia. Sikuelewa." Hata mimi sikuelewa, na nilimkasirikia mwenye baa kwa niaba yake. Kwetu mgeni akiletewa asichoagiza, huo ni ukarimu, naye hushukuru basi. Msimamizi aliibadilisha sentensi hiyo ikawa chakula kilikuwa kitamu na huduma ilikuwa bora. Nililalamika, nikaambiwa nipunguze jazba.

Nilipunguza. Mwenye nguvu mpishe. Lakini wiki ile alipotuma hotuba yake nilishindwa.

Alikuwa ameandika: "Huyu ni binti yangu. Akiwa na njaa ana hasira. Mpe chakula kwanza, ndipo umuulize kosa lake. Akisema si kitu, ni kitu. Anaogopa lifti lakini hatakuambia. Panda naye ngazi, sema unafanya mazoezi." Basi. Hakuna asali, hakuna maua. Nimehudhuria harusi nyingi, nimesikia wajomba wakichukua kipaza sauti na kukataa kukiachia, na sijawahi kusikia mzazi akimkabidhi mwanawe vizuri namna ile. Nilirekebisha vitenzi viwili, nikaweka nukta mahali pake, nikaipeleka kwa msimamizi huku nikijipongeza.

Ilirudi hivi: "Mimi nipo katika sekta ya vifaa vya mavazi. Ni heshima kubwa kukutana nanyi katika siku hii njema. Tunaamini familia zetu mbili zitajenga daraja la urafiki wa kudumu."

Daraja! Mzee wa watu anaoza binti, wao wanajenga daraja. Nilikwenda ofisini kwa msimamizi bila kuitwa, na sikubisha hodi.

"Ukiwaambia wakwe kwamba binti ana hasira, harusi itavunjika," akasema.

"Hajasema ana hasira. Amesema akiwa na njaa."

"Ni yaleyale."

"Wewe una mtoto?"

Hakuwa naye. Nikamwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimtafsiria kwa Kichina changu kibovu, akaniuliza kama nimemtukana. Kisha akanikumbusha kwamba mkataba wangu unasema neno la mwisho ni lake. Hotuba ikapelekwa kwa mteja chini ya kikombe changu cha kahawa, kana kwamba nimeiandika mimi.

Jibu la muuza zipu lilikuja siku hiyohiyo. "Mwalimu, asante sana. Umenifanya msomi. Ninaikariri." Nilikaa chini. Kama angekasirika ningemuunga mkono. Alishukuru, na kule kushukuru kuliniuma kuliko mambo yote waliyonifanyia pale kampuni. Waliufuta moyo wake wakamwachia gamba, naye aliona amepewa zawadi.

Nilikwenda Shahe kumtafuta. Njiani nilikutana na dada mmoja wa Kahama, mnunuzi wa nguo za watoto tunayesali naye kanisa moja, akiwa na marobota yake. Nilimweleza, akanicheka.

"Mdogo wangu, acha stress. Huyo laoban, mwenye duka, amelipa, mpe anachotaka, funga mzigo. Mambo ya familia za watu bu yao, sitaki mimi!" Halafu, akiwa ameshanipa kisogo, akaniuliza yule baba atasimamiwa na nani siku hiyo ya kuonana. Nikasema hana mtu, atasimama mwenyewe. "Mwenyewe?" akasema. "Maskini ya Mungu." Akanionyesha njia.

Kibanda kilikuwa palepale alipoandika, karibu na choo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilijitambulisha kwamba mimi ndiye mwalimu wake. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Laoshi? Mwalimu?" akauliza. "Wewe ndiye kahawa?"

"Mimi ndiye."

Alicheka hadi akashika meza. Alikuwa amefikiri mimi ni bibi wa Kizungu mwenye paka. Alinipa kigoda na chai, na tukaongea kwa Kichina changu na Kiingereza chake. Nikamwambia bila kuzunguka: ile hotuba si yako, itupe, sema ile uliyoandika mwenyewe, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma. Alitikisa kichwa.

"Katika ile yangu mimi ni muuza zipu anayekaa karibu na choo. Katika hii yako nina sekta."

"Si yangu!"

"Ina kikombe chako," akasema kwa upole.

Alinieleza kwamba baba wa yule kijana ni mhandisi, na kwamba hataki binti yake aonewe huko aendako kwa sababu ya babaye. Atasema maneno ya heshima, wamheshimu. Halafu akaniomba nije, nikae mwisho wa meza, ili akisahau neno nimkumbushe. Nilitaka kukataa, nikakubali.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nilitoka kanisani na suti yangu ileile. Tulikuwa sita: wazazi wa kijana, kijana, binti, muuza zipu na mimi. Alivaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Binti alikuwa mrefu kuliko baba yake, na tangu tulipokaa alikuwa akimtazama yeye tu, macho hayabanduki.

Muuza zipu alisimama. Aliisema hotuba yote, sekta na heshima na daraja, hakukosea hata herufi. Wakapiga makofi. Kisha baba wa kijana naye akasimama, akatoa simu, akasoma: ni heshima kubwa, siku hii njema, tunatumaini kujenga daraja. Naapa hata Japani wana benki ileile. Wazee wawili wazima, kila mmoja amemlea mwana kwa jasho lake, wamesimama mbele ya mishikaki wanasomeana ubao wa matangazo. Wakainamiana, wakaketi. Binti akaacha kumtazama baba yake, akatazama sahani. Alikuwa amengoja kitu, na hakikuja. Nilikiona usoni pake, nikaona haya na hasira kwa pamoja, na nikikosa pa kuipeleka hasira huwa nasimama.

Nilisimama. Kwetu siku ya posa baba wa binti hapayuki. Upande wa mwoaji huja na mshenga, upande wa binti huwa na msemaji, na wazazi hukaa kimya wakisemewa. Nimekuwa mshenga wa binamu zangu, nimetozwa faini kwa kubisha hodi vibaya, kazi hiyo naijua. Yule dada wa Kahama alikuwa ameshangaa kwa haki yake. Mtu huyu alikuwa amesimamishwa peke yake mahali ambapo pale kwetu hata tajiri hasimami peke yake.

"Mimi ni msemaji wa upande wa binti," nikawaambia kwa Kiingereza. "Kwetu ndiyo desturi. Baba yake amenipa maneno haya." Nikayasema yote. Njaa. Chakula kwanza. Akisema si kitu, ni kitu. Nilipofika kwenye lifti, kijana aligeuka akamkodolea mchumba wake macho.

"Kumbe ndiyo maana tunapanda ngazi!" akasema. "Si uliniambia ni mazoezi?"

Mama yake aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Mzee mhandisi alimwomba mwanawe amtafsirie, akatafsiriwa, akaguna, akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya meza. Binti hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwa baba yake tena, na baba yake alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nikajiambia haya, umeshamwaibisha mzee wa watu mbele ya wakwe, na hasira zako hizo.

Muuza zipu alisimama taratibu.

"Mwalimu," akasema, "umeruka moja."

Sikuwa nimeruka. Maneno yale nilikuwa nayo kichwani kama Baba Yetu, na kila alilonitumia nililisema. Lakini niliketi. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na safari hii hakutazama juu kutafuta maneno ya kukariri. Alimtazama kijana.

"Mimi sijui kupika wali wa mtu mmoja," akasema. "Sijawahi. Yeye akiondoka, mimi nitapika wali wa wawili, kila siku. Wewe ukimkosea, yeye atarudi. Wali upo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mhudumu aliyekuwa analeta sahani alisimama nazo mkononi. Binti aliinuka, akazunguka meza akipita nyuma ya mama mkwe wake bila hata kuomba radhi, akamshika baba yake mkono wa shati na kumketisha, kama mtu anayemkemea mtoto. Alikuwa analia na amekasirika, yote mawili, na alisema kwa Kiingereza ili kila mtu pale mezani asikie, akimwonyesha mchumba wake kwa kidevu.

"Basi pika wa watatu. Huyu anakula kuliko mimi."