Meno ya Nusu Duara

Mume wangu Cecil hana ugomvi na watu. Ugomvi wake ni na mistari. Akiingia nyumba ya mtu, hata kiti hajapewa, macho yamekwisha kupanda kwenye kenchi za paa na kushuka kwenye fremu ya dirisha, nami nimeshamfinya mkono asiseme anachokiona. Mwaka huu alimgombeza Bonifasi seremala, jirani yetu, kwamba fremu ya mlango wetu mpya imepinda. Bonifasi akapima kwa timazi, akapima tena, akakusanya vifaa vyake na kuondoka bila kuaga. Mimi niliuona mlango umenyooka, lakini nani abishane na Cecil juu ya mstari?

Jicho hilo ndilo lililotulisha. Alizaliwa kijijini Mnyambe, huko Newala, mtoto wa mwalimu wa kanisa, akaja hapa Masasi kujifunza weldingi akiwa hana hata miwani ya kazi. Yeye na wenzake walikuwa wakiutazama moto kwa macho makavu, wakirudi nyumbani wanajibandika vipande vya kiazi kibichi juu ya kope. Ila mpe chaki. Alikuwa akichora duara juu ya bati kwa mkono mtupu, wenzake wakilipima kwa kamba wasione kosa. Mageti mengi ya Newala yana maua yake, na mpaka leo nikipita huko nayasalimu kama mawifi.

Kwa hiyo Anwari, mwenye karakana, alipoleta meza ya plazma, ile mashine inayokata chuma kwa moto huku ikiongozwa na kompyuta, hakutafuta kijana wa chuoni. "Baba Witness," alimwambia, "kompyuta haina jicho. Jicho ni wewe." Cecil alikuja kunisimulia maneno hayo zaidi ya mara moja, na mimi nilijifanya sijayasikia.

Kisha ikaja kazi ya geti la kanisa moja la Newala, la kupambwa na nusu duara za chuma, na mume wangu akabadilika. Hakuwa akila vizuri. Aliponawa alijitazama vidole muda mrefu. Siku moja nafagia, ufagio ukagonga chuma chini ya kitanda. Nikavuta gunia la korosho, ndani mna nusu duara mbili, nzito, bado zina masizi. Mtu anayeficha chuma chini ya kitanda chake, ama ameiba ama anaogopa, na Cecil hajawahi kuiba hata msumari. Niliogopa na mimi, kabla sijajua ninachoogopa.

Aliponikuta nimekaa nazo mapajani hakukasirika. Alikaa kitandani.

"Zina meno ukingoni, kama msumeno," alisema. "Nimebadilisha nozeli, ule mdomo unaotoa moto. Nimemwaga maji yote yaliyokuwemo kwenye kompresa ya upepo, maana upepo wenye maji unachafua moto. Nimepunguza mwendo wa mashine. Meno yapo palepale."

"Anwari anasemaje?"

"Sijamwonyesha. Sijamwonyesha mtu."

"Kwa nini, Baba Witness?"

Akavua kofia, akaikunja. "Kwa sababu nikimwonyesha mtu akaniambia hamna meno, nitakuwa nimekwisha."

Hapo nikaelewa. Hakuwa anaogopa mashine kuharibika. Alikuwa anaomba iwe imeharibika. Ile mioto aliyoitazama ujanani kwa macho makavu ilikuwa imemrudia kichwani, na alikuwa hajui kama meno yale yako kwenye chuma au yako ndani ya macho yake.

Niliinua nusu duara niitazame, akanifunika macho kwa kiganja.

"Usiniambie. Wewe ni mke wangu. Utasema kitu cha kunifurahisha."

"Basi pitisha kidole."

Akanionyesha vidole vyake. Vidole vya fundi chuma vimeota sugu, havijui tena tofauti ya jiwe na mkate. Ndipo nilipoufungua mtandio wangu, ule mwembamba wa harusi ya mwanetu Witness, unaonasa hata kwenye kucha. Nilimwambia mtandio hauna mume, hauna huruma, hautasema uongo kwa ajili ya mtu.

Nikaupitisha kwenye mviringo. Ukanasa. Nikauchomoa, ukanasa tena, uzi mmoja ukatoka mrefu.

Cecil alicheka mpaka akashika mbavu. Sijaona mtu akifurahia kazi mbovu namna ile. Nami nilicheka, machozi yananitoka, namshukuru Mungu kwa mashine iliyoharibika.

"Sasa pitisha upande wa chini," akasema, "ule ulionyooka. Huko ndiko kubaya zaidi."

Nikapitisha. Mtandio ukateleza kutoka kona hadi kona.

"Rudia."

Nikarudia. Ukateleza. Nikachukua nusu duara ya pili, nikapitisha polepole, nikiukandamiza mtandio makusudi unase. Haukunasa. Cecil alikuwa ameinama karibu kabisa, anautazama ule ukingo ulionyooka, na kicheko kilikuwa kimeisha usoni pake. Meno ya upande ule hayakuwa kwenye chuma.

Alipozungumza, alizungumza kama fundi. "Kama upande ulionyooka ni safi, basi si nozeli, si upepo, si mwendo. Hivyo vingeharibu kote. Kuna kitu kinacheza mashine inapogeuka." Akabeba vyuma vyake, akatoka. Nilifunga mlango nikamfuata, maana sikuweza kukaa peke yangu.

Karakanani Anwari aliniambia shikamoo, nikamwitikia marahaba bila kumtazama. Cecil alizima mashine, akashika kichwa cha mashine cha kukatia, akakitikisa. Kilicheza, kidogo tu, kama jino la mtoto. Skrubu ya gia inayokivuta ilikuwa imelegea, hivyo kikienda upande mmoja hakina shida, kikigeuka kinachelewa na kutetemeka. Aliitafuta skrubu kwa kidole, akaikaza kwa kupapasa. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona kwamba hakuitazama hata mara moja.

Mashine ikawashwa. Nusu duara mpya ilipopoa, Anwari aliigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii sasa kioo," alisema. "Baba Witness, si nilikuambia? Jicho ni wewe."

Cecil aliipokea kwa mikono miwili. Aliutazama mviringo wake, akatazama upande wake wa chini, akanipa mimi. Nikapitisha mtandio kuizunguka yote, mara moja, haukunasa popote. Alitazama ule mtandio unavyokwenda mpaka mwisho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alitembea nyuma yangu, jambo ambalo si kawaida yake, na nilimsikia akikanyaga pale nilipokanyaga mimi. Tulipofika alisimama mbele ya mlango wetu mpya, akauwekea kiganja kwenye fremu, akakipandisha hadi juu na kukishusha hadi chini.

"Mama Witness."

"Abee."

"Mlango wa Bonifasi umenyooka, siyo?"

Nikamwambia umenyooka.