Mjusi Asiyepanda Glasi

Nilizaliwa Sindeni, upande wa Handeni, ambako mjusi ni mjusi. Nilipopata kazi ya ukarani katika ofisi ya maliasili Korogwe, sikutegemea kwamba siku moja nitatakiwa kuwatofautisha.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalijaa sabuni, mitumba ikafika hadi Mashewa, na watu wakaanza kuuza ng'ambo wanyama hai: vinyonga, vyura, majongoo. Wafanyabiashara walileta masanduku yenye matundu, nami nikigonga muhuri kuthibitisha kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa. Sikuwa na kawaida ya kufungua.

Asubuhi moja akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam. Kibali chake kilisema "mjusi kafiri". Wino wa muhuri ulikuwa umekauka, na wakati mhudumu amekwenda kutafuta mwingine, nikafungua kifuko kimoja kati ya vilivyokuwa ndani ya sanduku lake, kwa kukosa la kufanya.

Waliokuwemo walikuwa na mboni za duara. Mboni ya mjusi kafiri husimama wima kama ya paka. Hilo nililijua kwa kuwa utoto wangu wote nililala chini yao.

"Hawa si mijusi kafiri," nikasema.

"Basi ni nini?"

Sikujua. Nikauliza nani aliyewakamata. Akasema yumo kwenye pikapu.

Akaingia bibi mmoja wa Mashewa, kanga mbili, miguu ina vumbi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimemwambia huyu tangu jana. Hawa ni wa msituni, wanakaa kwenye mashimo ya miti. Ukutani hawawezi kupanda. Mtie kwenye glasi uone."

Nikamalizia chai yangu, nikaosha glasi. Kwanza nikamkamata mjusi wa ukutani mwa ofisi kwa ufagio. Alipanda glasi mpaka juu, akatoka, akarudi kazini kwake. Kisha nikamtia mmoja wa wale wa bibi. Alikuwa na vidole vyembamba kama vya ndege. Alijaribu, akateleza, akakaa chini.

"Amechoka na safari," akasema mfanyabiashara.

Tukamtia wa pili. Naye alikuwa amechoka. Kufikia wa tano, mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kama si kafiri," akauliza, "tumwandike nani?"

Niliandika: "Mjusi wa msituni. Jina halifahamiki ofisini hapa." Mkuu akasoma mara mbili, akaagiza warudishwe walikotoka, nami niende kushuhudia. Njiani niliyafikiria masanduku yote niliyoyapitisha bila kufungua. Sikumwambia mtu.

Bibi alituongoza hadi kwenye mti mkubwa wenye uwazi shinani. Aliwatoa mmoja mmoja kwa mikono miwili. Kila aliyegusa gome hakuonekana tena, ingawa nilikuwa nakodoa macho. Mfanyabiashara alisubiri kwenye pikapu, akisikiliza redio.

Mmoja alikuwa amekufa. Nikamtia kwenye chupa ya spiriti, nikaandika umbo la mboni, vidole, rangi na mti alikopatikana, nikamtuma kwa wataalamu chuo kikuu. Nakiri kwamba nilitumaini ni mpya, wa kupewa jina la aliyemgundua. Usiku nilikuwa nikijaribu jina langu kwenye mkia wa jina lake.

Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Waliandika kwamba maelezo yangu ni sahihi, na kwamba mjusi huyo alishapewa jina la kisayansi zamani na watu waliompata kwenye milima hiyohiyo ya Usambara. Walinishukuru kwa chupa.

Nikapanda basi la Mashewa na barua mfukoni. Bibi alikuwa akipepeta mahindi. Nikamsomea jina lile la Kilatini polepole. Akaniomba nilirudie.

"Mbona refu kuliko mwenyewe?" akasema.

Akapepeta kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.