Babu kwenye mataruma ya reli

Chumba cha mazoezi kinanuka lami, kwa sababu mbao zilizopangwa sakafuni ni mataruma yaliyotoka chini ya reli. Dada yangu, mgonjwa wa Parkinson, anazivuka moja moja.

"Miguu ikigoma, tafuta kitu cha kuvuka," mwalimu anamwambia.

Babu yetu alilijua hilo bila kufundishwa. Wakati wa vita tuliukimbia mji tukifuata reli, yeye, mama na mimi. Kwenye udongo mtupu miguu yake iliganda, lakini juu ya mataruma alihesabu hatua na kutembea kama kijana. Lami ya moto ilinata nyayoni mwangu. Nilikuwa na furaha.

Pale reli inapokatana na barabara askari alituamuru tupite upesi. Mataruma yalikuwa yamefunikwa na udongo. Babu akaganda.

"Tembea, muzee!"

"Iko mugonjwa, chefu," mama alisema. "Miguu njo inakataa."

"Unanidanganya. Nilimuona kule kwenye reli, alikuwa anatembea muzuri kuliko wewe."

Nyumbani nilizoea kunyoosha mguu wangu mbele ya babu ili auvuke na kuanza kutembea. Siku ile nilijificha nyuma ya mama.

Askari alimpiga magotini kwa kitako cha bunduki, na kwa kila pigo alimwambia atembee. Babu alianguka akiwa bado anahesabu.

"Ninyi, mupite!"

Mama akavuka bila kugeuka. Na mimi nikamfuata mbio.