Mwalimu Breki Akanyaga Mafuta

Walimwita Mwalimu Breki, na hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina jingine. Tangu usichana wake alifundisha udereva akiwa kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya pili inayofungwa kwenye magari ya shule ili mwalimu aje kufa kwa uzee. "Mwenda pole hajikwai," aliwaambia wanafunzi, mpaka msemo huo ukamchosha mwenyewe. Nusu ya mji iliendesha kwa sababu yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda mbio. Sasa alikuwa anastaafu, na zawadi aliyoitaka ni moja: kukanyaga mafuta mpaka chini, japo mara moja.

Bahati nzuri, ukoo ulikuwa na ugomvi uliohitaji mwamuzi. Mpwa wake, daktari wa meno, alikuwa na gari la spoti la kisasa, limelala chini kama mjusi. Mkwe wake, muuza vigae, alikuwa na lile la Kimarekani la boneti ndefu na mkia mfupi, la jamii ambayo wapenzi wake huiita farasi. Wakikutana mezani, walibishana gari la nani ni bora, hadi chakula kipoe.

Jumapili wakampeleka kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa. Mwalimu Breki akafungua mlango wa gari la mpwa, akaketi, akafunga mkanda.

"Haya. Tazama kioo. Tia gia. Twende."

Gari halikusogea.

"Shangazi, umekaa kwa abiria."

"Nani kasema?"

"Usukani, Shangazi."

Akahama, akijifanya alikuwa anakagua kiti. Akakanyaga. Gari likaondoka kwa adabu, kama mhudumu wa benki anayekukaribisha. Hata kona lilizikata lenyewe. Aliposhuka, aliuliza kama wameshaanza.

"Shangazi, ulipita mia mbili!"

"Sasa mbona halikuniambia?"

Mkwe alicheka mpaka akajishikiza kwenye farasi wake. "Mama, njoo huku. Hili litakuambia lenyewe."

Likamwambia. Lilinguruma hadi meno yake ya bandia, kazi ya mpwa, yakacheza. Kwenye kona, mkia ukataka kutangulia. Mwalimu Breki akapiga ukelele kama msichana aliyemwagiwa maji, akageuza, akarudia. Mshale wa mwendo haukufika hata mia; yeye angeapa kuwa mbinguni wameshapapita.

"Mama, toa hukumu."

"La huyu lina mbio. Lako lina mdomo."

"Kwa hiyo nani kashinda?"

"Ushahidi hautoshi. Ingieni wote."

"Langu lina viti viwili tu," mpwa akasema.

"Basi nusu umeshashindwa. Nyuma, nyote wawili! Kiti hiki cha pembeni ni cha mwalimu, na leo mwalimu hayupo."

Wakajikunja kwenye kiti cha nyuma cha farasi, magoti yakigusa videvu. Akakanyaga mpaka chini. Kwenye kioo akaona wanaume wazima wawili wakikanyagakanyaga sakafu, wakitafuta breki isiyokuwepo.

"Mama, breki!"

"Shangazi, breki!"

"Nimestaafu," akasema, na kona ikaja.