Tovuti Isiyotaja Dhahabu

Mdogo wangu anatengeneza tovuti huko Nyahanga, Kahama. Nilipostaafu ualimu alinipa moja kama zawadi, akasema kazi yangu ni kuchagua tu itahusu nini.

"Kitu kimoja, dada. Ukiandika kila kitu, msomaji hajui amekuja kwa nani."

Mimi naishi Kalangalala, Geita. Nilijibu bila kufikiri: dhahabu. Nani anatafuta jina la Geita kwenye simu yake akiwa na shida nyingine?

Nikaenda kwenye karasha, pale mawe ya wachimbaji yanaposagwa, nikitaka kuandika habari za akina mama wanaoyaponda kwa nyundo kabla hayajaingia mashineni. Walikuwa wakicheka. Nilipotoa simu nipige picha, kicheko kikakatika. Mmoja wao, ambaye nilimfundisha binti yake, aliniamkia, kisha akanivuta pembeni.

"Mwalimu, umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Ni tovuti yangu mwenyewe."

"Hapa anayeuliza maswali ni mtu wa kodi, au anamtafuta mume aliyetoroka. Wewe uko upande gani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Hata hivyo niliandika, bila picha na bila jina la mtu. Mdogo wangu akaiweka hewani, na siku chache baadaye simu ikaita. Mwanamume, sauti laini, alisema makala yangu imemgusa na angependa kunitembelea.

Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alisifia chai, akasifia Kiswahili changu, akasifia hata pazia. Mume wangu alikuwa uani akifunga waya wa banda la kuku, na nilijua anasikiliza kwa sababu koleo lilikuwa kimya.

"Kuna kilima ng'ambo ya Buseresere," mgeni akasema. "Dhahabu imetema, imejitokeza nyingi. Mwalimu, andika tu kwamba watu wameanza kwenda."

"Wameanza kwenda?"

"Wataanza. Wakisoma kwako wataamini. Mwalimu hadanganyi."

"Wewe umeiona hiyo dhahabu kwa macho yako?"

Alikoroga chai ambayo alikwisha kuikoroga. "Walioiona ninawaamini."

Alipoondoka, mume wangu aliingia akifuta mikono. "Anayejua dhahabu ilipo," alisema, "hatafuti wa kumtangazia. Anatafuta jembe."

Ningeweza kuliacha hapo. Lakini lile neno *wataanza* lilinikaa kooni, nikapanda gari kwenda Buseresere, na kutoka hapo pikipiki hadi kwenye kilima chenyewe. Nilikuta ng'ombe wanakula majani. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na mtu mwenye sururu. Lakini chini ya kilima, kwenye uwanda wa malisho, palikuwa na vigingi vipya vilivyofungwa kamba, mstari baada ya mstari, kana kwamba mtu amepima viwanja vya soko.

Mzee mwenye ng'ombe alikuja na fimbo yake. Nilimwamkia.

"Marahaba, mayu." Aliniita mama kwa Kisukuma, akanitazama, akaitazama simu yangu. "Wewe ndiye yule mwalimu wa mtandao?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kule kwamba nakuja.

"Nani amekwambia habari zangu?"

"Hao waliochomeka vijiti. Walisema mwalimu wa Geita ataandika, watu watakuja wengi, na hapa patakuwa na mabanda ya kupangisha. Wakatuomba tuhamishe ng'ombe. Tuliwauliza, dhahabu iko wapi? Wakasema, muulizeni mwalimu."

Kwa hiyo nilikuwa nimeshatumika kabla sijaandika hata neno kuhusu kilima hicho. Nilimwambia mzee kwamba sijui dhahabu yoyote hapo, na kwamba sitaandika kitu. Alitikisa kichwa polepole. Sikuweza kujua kama ameniamini, na kwa kweli, kwa nini aniamini?

Mkewe alinikaribisha kivulini mwa nyumba. Alileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ameichemsha na karanga. Niliila kwa njaa ya safari, nikamuuliza anaihifadhije isitobolewe na wadudu.

"Utaandika?"

"Ukiniruhusu."

"Kuna mtu wa kuhangaika kusoma habari za michembe?" Alinikazia macho muda mrefu, akitafuta, nadhani, vigingi vyangu viko wapi. Mwishowe aliinuka, akanionyesha kihenge chake na majani anayotandika chini.

Jioni hiyo nilimpigia mdogo wangu. "Ondoa ile makala ya dhahabu. Nimepata mada. Chakula kinachotunzwa kuvuka kiangazi: michembe, matobolwa, mboga za kukaushwa. Basi."

"Dada, ile ndiyo inasomwa! Nani amekutisha?"

"Hakuna."

"Au kuna mtu amekununua?"

Aliniuliza hivyo, ndugu yangu wa tumbo moja. Tulizozana, kisha akaiondoa.

Yule mgeni wa chai alipiga tena, akaniambia nimeipiga teke bahati, akakata. Baadaye nilisikia kwamba ukurasa mwingine uliitangaza ile rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu ya kilimani. Watu walikwenda na magodoro yao, wakapanga mabanda, wakachimba, wakarudi mikono mitupu. Mzee na ng'ombe wake sijui walihamia wapi. Niliulizia Buseresere, kila mtu akaniuliza kwanza ninamtafutia nini.

Mwezi uliopita mwanamke wa Ushirombo alinipigia. Alisoma habari za matobolwa, viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaushwe, na vyake vinaota ukungu. Nilimhoji kama polisi: namba ameipata wapi, anauza nini, nani mwingine anasikiliza.

"Mama," akasema, "viazi vinaoza."

Nikamwuliza huwa anavianika asubuhi au mchana.